Hedifoni Kali za Baba Ineza

Nilifika Gahanga, pembeni ya Kigali, siku ya kuondoa matanga, miguu imevimba kwa safari ya kutoka Mwanza, na kitu cha kwanza Ineza alichonipa baada ya kunikumbatia hakikuwa maji wala kiti. Alinipa mfuko wa kaki uliokunjwa mdomo. Ndani zilikuwa hedifoni za baba yake, zile nyeusi zenye matundu mgongoni tuliyoyatoboa kwa sindano ya moto, waya wake umeungwa na kuungwa tena mpaka umejaa mafundo kama kamba ya mbuzi. "Tantine, papa alisema hii ni ya kwako," akasema, akiniita shangazi kama zamani. "Alisema wewe ndiyo unajua." Nje, chini ya turubai, watu walikuwa wanakunywa pombe ya mtama, na mzungumzaji mmoja alikuwa anaeleza jinsi marehemu alivyokuwa mtu mpole, asiyebishana na mtu. Mpole? Labda alikuwa anamzungumzia mwingine. Baba Ineza niliyemjua mimi alikuwa mkaidi kuliko punda. Nikaketi kwenye kitanda cha Ineza, mfuko ule magotini, nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Baba Ineza alinipa kazi nikiwa na miaka ishirini na minne, na sasa nakaribia hamsini. Nilikaa kwake mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wangu na jinsi binti wa Mwanza alivyotokea Kigali nitaziruka; anayezitaka aniulize siku nikiwa nimeshiba. Studio yake ilikuwa Kinyinya, chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga, kuta zote zimebandikwa trei za mayai, dirisha limezibwa kwa godoro. Kazi kubwa ilikuwa kurekodi kwaya. Tatizo ni kwamba Kinyinya ya siku zile ilikuwa inajengwa kila upande, nyundo na masururu tangu asubuhi, na trei za mayai hazizuii nyundo. Kwa hiyo tulirekodi mafundi wa ujenzi walipokwenda kula. Wanakwaya walikuja mapema, sare zimepigwa pasi utadhani kuna mtu atawaona kwenye kaseti, wakakaa uani wakisubiri. Baba Ineza alisimama getini akiwachungulia mafundi, na wa mwisho akishaweka mwiko chini, alipiga makofi: "Haya, ingieni, wanakula!" Wimbo mzima ulitakiwa uishe kabla sahani za maharage hazijaisha ng'ambo ya ukuta. Chakula chetu kilikuja baadaye, viazi na maharage na isombe, kisamvu chao cha kupikwa kwa karanga, na Ineza, aliyekuwa na miaka minne, alikula akiwa amekaa juu ya spika kubwa kwa sababu alisema viti vyote vina baridi.

Mkewe, Vestine, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, ugonjwa wa muda mfupi. Hakuna aliyewahi kumrekodi peke yake. Hebu fikiria: nyumba yenye studio, mashine ya kurekodi iko hatua chache kutoka jikoni, na sauti ya mama mwenye nyumba haipo popote. "Nilidhani yupo tu," Baba Ineza aliniambia. Kilichobaki ni kaseti moja ya kwaya yake, wanawake na wanaume wengi wanaimba pamoja wimbo aliotunga mwalimu wao, na Vestine yumo humo katikati, sauti ya pili, kule mwisho karibu na dirisha. Alikuwa na mwanya, tena mwanya hasa, ule ambao watu wanageuka kuutazama, na kila s aliyoitamka ilitoka na filimbi ndogo. Kiitikio cha wimbo ule kilianza na "sisi sote", kwa hiyo filimbi ilikuwepo, ya kutosha. Baba Ineza hakutaka kingine maishani zaidi ya kumwonyesha mtoto filimbi ile. Ineza alikuwa ameanza kusahau. Siku moja tukiwa mezani aliuliza, kijiko mdomoni, "Papa, mama alikuwa anaongea namna gani?" na baba yake akafungua mdomo kumwigiza, akashindwa, akanyanyuka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wiki yangu ya kwanza alinivalisha hedifoni zake za zamani na kunichezea kaseti ile, ambayo alikuwa ameshaihamishia kwenye kompyuta. Filimbi niliisikia papo hapo, mara ya kwanza tu. "Huyu hapa," nikasema. Alinivua hedifoni kichwani kabla sijamaliza neno, akazivaa, akazibana kwa mikono miwili, akafumba macho. Nikamwona anasubiri. Kiitikio kikapita, kikarudi, kikapita tena. Alipozivua hakunitazama. "Hizi zimeoza," akasema. "Zinammeza." Nikaamini. Zilikuwa zimechakaa kweli, sponji inadondoka mabegani kama mba, na ni nani angefikiria jambo jingine kwa mtu anayeishi kwa masikio yake?

Hedifoni za studio za maana hatukuziweza, na hilo halikuwa jambo la kujadili. Tulikwenda Nyabugogo, kwa Mkongomani mmoja aliyeuza redio na waya na vitu vilivyotumika, kelele za stendi ya mabasi zimetuzunguka pande zote. Baba Ineza alikwenda na redio yake ndogo ya kaseti kwapani, na kila hedifoni aliyopewa aliichomeka humo, akasikiliza kiitikio kile kile, akairudisha. Mkongomani akaanza kuchoka. "Mzee, chukua hii. Hii iko na besi ya kuvunja nyumba." Baba Ineza akasema hataki besi. "Hautaki besi?" Yule bwana alinitazama mimi, kana kwamba ni juu yangu kueleza ugonjwa wa mgonjwa wangu. "Mama, kila mutu hapa anatafuta besi." Nikamwambia huyu anatafuta mke wake. Akadhani namtania, akacheka, kisha akaona uso wa Baba Ineza na akaacha. Tulinunua jozi ambayo haikuwa na sifa yoyote isipokuwa moja: ilikuwa na skrubu. "Yenye skrubu inafunguka," Baba Ineza alisema, "na inayofunguka inatengenezeka." Tulipoondoka, Mkongomani alituita, akatupatia pedi za masikio za akiba bila kudai kitu.

Mwaka wangu ukapita hivyo. Asubuhi tulifanya kazi ya watu, na jioni, kabla ya chakula, tulizifungua hedifoni mezani juu ya taulo la rangi ya chungwa ili skrubu zisipotee. Kwanza tuliharibu. Mimi nilishona pedi nene kutoka kwenye taulo hilo hilo, laini, nikajisifu, na sauti ikawa kama mtu anaimba amejifunika blanketi. Kitambaa kinakunywa sauti nyembamba, hilo sikulijua. Tukarudi kwenye pedi za ngozi bandia, zile nyembamba za Mkongomani, ili sikio lisogee karibu na spika. Tukatoa sponji iliyofunika spika. Tukapunguza pamba ya ndani, kidogo kidogo, kwa kibanio cha nyusi. Tukatoboa matundu mgongoni ili besi ipate pa kutokea. Nilimuuliza kwa nini asizipandishe tu sauti za juu kwenye kompyuta, apumzike. "Nikimpandisha kwenye kompyuta nitakuwa nimemtengeneza," akasema. "Simtaki wa kutengeneza."

Kila tulipobadilisha kitu tulijaribu. Alikuwa ameunga waya wenye midomo miwili, ili watu wawili wasikie kitu kimoja kwa wakati mmoja, mimi na zile za zamani, yeye na hizi mpya. Nilikaa mbele yake juu ya kreti la soda, magoti yetu yanakaribia kugusana, na kila filimbi ya Vestine ilipopita nilinyoosha kidole. Yeye alikikodolea macho kidole changu, mdomo wazi kidogo. Sisi sote, kidole. Sisi sote, kidole. Na kila mara alitikisa kichwa. Kuna jioni nilitamani nisikisikie kile kifilimbi, tuwe sawa. Ineza alikuwa anatutazama kutoka mlangoni, halafu anakwenda kucheza na mdoli wake, anamnyooshea kidole, anatikisa kichwa.

Lililonifungua macho ni maneno ya uani. Wanakwaya walikuwa wanasubiri mafundi waende kula, na mimi nilikuwa ndani napanga waya, godoro la dirishani limeteleza kidogo. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu mlimani, alikuwa anasema, "Nyimbo yetu ya juzi inachoma masikio. Mutoto wangu ikipita kwa redio anakimbia." Mwingine akasema labda ni mashine. "Oya," akasema mwenyekiti, na oya yao ni hapana isiyo na mjadala. "Mashine ni ile ile. Ni yeye. Tangu Vestine aende, hasikii tena." Alimaanisha hasikii kwa huzuni. Mimi nilibaki nimeshika waya. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa anazipandisha sauti za juu kwenye nyimbo za watu, anapandisha, anapandisha, mpaka mimi nakunja uso na yeye anasema, "Sasa angalau."

Jioni ile mvua ilikuwa imekatika, tumekaa barazani, sufuria ya maharage inachemka ndani. Nyenje walikuwa wanalia kwenye majani ya kiwanja cha jirani, wanalia kweli kweli, mpaka ilibidi nipaze sauti. Baba Ineza akajinyoosha, akasema kwa furaha, "Afadhali mwaka huu mvua imefukuza nyenje." Ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza sikujaliwa. "Baba Ineza," nikasema, "nyenje wapo. Wanalia hapa hapa." Akanitazama. "Si hedifoni. Ni masikio. Nenda hospitali wakupime." Mtu huyu alikulia Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, lakini akikasirika l zote zilikimbilia kwenye r. "Masikio haya ndiyo yanarisha nyumba hii," akasema polepole. "Nikionekana kwenye benchi ra hospitari, kesho kwaya zote zimehama. Na huyu mtoto atakura nini?" Akaingia ndani. Maharage yaliungua na hakuna aliyenyanyuka kuyaepua.

Siku kadhaa tulizungumza kupitia kwa mtoto. "Ineza, mwambie tantine chakula tayari." Ineza ananigeukia, nimekaa kiti cha pili kutoka kwa baba yake: "Tantine, chakula tayari." Nikaanza kufikiria kufunga mizigo yangu. Kisha asubuhi moja akaja na hedifoni zile, akaziweka mbele yangu pamoja na bisibisi. Hakuomba radhi, wala hakusema nilisema kweli. "Tuzifanye kali," akasema. Nikamuuliza kali kiasi gani. Akafikiri. "Mpaka wewe uziogope."

Basi tukazifanya kali. Sikuuliza tena habari za hospitali, kwa sababu mtu akishakuonyesha mahali anapoumia huendelei kupabonyeza. Tulitoa pamba yote. Tukaongeza matundu, tukapunguza pedi mpaka zikabaki ganda, tukatoa hata kile kitambaa chembamba kilichobaki mbele ya spika, na mimi nikawa mjaribuji: nikizivaa na kuzivua haraka, alifurahi. Mwishoni zilikuwa hazivaliki. S moja tu ilinipiga hadi kwenye meno. Alizivaa mchana, mafundi wakiwa wamekwenda kula na Kinyinya yote imetulia. Nikakaa kwenye kreti langu na zile za zamani. Sisi sote, nikanyoosha kidole. Na kidole chake kikainuka. Kiitikio kiliporudi kikainuka tena, pamoja na changu, na mara ya tatu hakikuinuka kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imefunika uso. "Alisimama dirishani kwa sababu ya joto," alisema ndani ya viganja. "Nilimwambia asogee karibu na maikrofoni, akasema kuna joto, afadhali upepo wa pembeni ya godoro." Nilimshika bega. Sijawahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu kama nilivyompenda yeye mchana ule.

Alimwita Ineza hapo hapo, machozi hajafuta. Akampakata, akamvalisha, hedifoni kubwa kuliko kichwa. "Sikiliza, mama huyu." Mtoto alipiga ukelele, akazitupa chini, akashika masikio. "Inauma! Papa, inauma!" Nikamwona baba yake anaziokota, anazifuta vumbi kwa shati. "Akikua ataweza," akasema. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na ushindi, Mungu amrehemu. "Umeona? Zilikuwa hedifoni." Mimi nilikuwa nimeshalisema langu barazani, na mara moja ilitosha. Kuanzia hapo nyimbo za kwaya nilizimalizia mimi, naye aliwaambia watu ni kwa kuwa nina mkono mwepesi. Kwaya hazikuhama. Mwaka ulipokwisha nilirudi Mwanza na nakala ya wimbo ule, nikaanza kazi yangu mwenyewe, kukodisha vyombo vya muziki vya harusi, na kwa zaidi ya miaka ishirini Jumamosi zangu zote zimepita nikiwa nimesimama kando ya spika.

Siku Ineza aliponitumia ujumbe kwamba papa ameondoka, nilikuwa jikoni. Nikautafuta wimbo kwenye simu, nikavaa earphone zangu, nikakaa kwenye kigoda. Kwaya ilikuwepo, kiitikio kilikuwepo, filimbi haikuwepo. Nikaurudisha mara nyingi. Nikasema basi, ndivyo ilivyo, kitu kikihamishwa toka kaseti hadi kompyuta hadi simu lazima kipoteze vya kwake. Nikalia kwa ajili ya wote wawili, nikapanga nguo.

Sasa nilikuwa kwenye kitanda cha Ineza, yeye amekaa pembeni yangu na kitambaa cha msiba kichwani. Akaanza kusema bila kunitazama. "Kila mwaka, siku ya kukumbuka mama, papa alikuwa ananivalisha hii. Inakata masikio, tantine. Nilikuwa nasema nimesikia, ili anitoe. Mpaka mwaka uliopita nilisema nimesikia." Akavuta pumzi. "Nilikuwa namudanganya. Mama iko ndani, hiyo najua. Lakini kati ya wale watu wote sijui ni nani." Nikamuuliza kama baba yake hakuwahi kumsikilizisha kwa hedifoni nyingine. "Papa alisema mama anasikika kwa hii tu."

Nikazichomeka hedifoni zile kwenye simu. Nilikunja uso mapema, meno nimeyauma, nikijiandaa kwa maumivu ninayoyakumbuka vizuri. Wimbo ukaanza. Hazikuuma. Zilikuwa tamu, zimetulia, kwaya imesimama mbele yangu na sare zao, na kiitikio kilipofika, filimbi ile ikapita kule mwisho karibu na dirisha, wazi kabisa. Faili halikuwa limepoteza kitu; kilichopotea kilikuwa masikioni mwangu. Nilikaa nazo kichwani nikielewa, na niliogopa, na nilimwonea huruma Baba Ineza upya, kwa yale aliyoyajua barazani na kuyabeba peke yake. Ineza alikuwa ananitazama. "Haikukati?" Nikamwambia hapana, hainikati tena.

Chini ya mfuko, waya wenye midomo miwili ulikuwepo. Nikauchomeka. "Vaa za kwako," nikamwambia, "hizo hizo za simu." Akasita. "Hizi za kawaida?" Nikamwambia, "Vaa, mwanangu." Akavaa. Nikageuka tukatazamana, magoti yetu yanakaribia kugusana, nikauanzisha wimbo toka mwanzo. Nje walikuwa wanapiga makofi, hotuba imekwisha. Sisi sote, nikanyoosha kidole. Ineza akakitazama, hajaelewa. Sisi sote, nikakinyoosha tena, na safari hii nikaona uso wake umesimama. "Huyo anayepiga filimbi?" Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho. Ubeti wa pili ukaisha, kiitikio kikarudi, safari hii wanakiimba kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa bado naisubiri filimbi, nimezibana hedifoni kwa mikono miwili, wakati kidole cha Ineza kilikuwa kimeshainuka.